Mimea, Wadudu na Vijidudu katika Udongo wa Shaba: Majibu kwa Wasomaji wa Lubumbashi

Kiangazi kimekolea, upepo wa kusini-mashariki unavuma juu ya mji, na majani ya miembe yamebadilika rangi kwa vumbi. Huenda ndiyo sababu barua nyingi zilizofika safari hii zinauliza kuhusu udongo, moshi wa zamani na viumbe wanaoishi humo. Nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi.

*Jambo Mwalimu. Ninalima lengalenga na matembele Penga Penga, upande ule ambao moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa ukianguka zamani. Mboga zangu zinaota vizuri na ni za kijani kabisa, lakini jirani anawaambia wateja wangu kwamba zina sumu. Je, mboga yenye sumu inaweza kupendeza namna hiyo? (Mama mkulima wa bustani)*

Jambo Mama. Inaweza. Jicho la mkulima limezoea kutambua ugonjwa, ukosefu wa mbolea na kiu ya mmea, lakini halina njia ya kutambua madini yaliyojificha ndani ya jani. Rangi ya kijani inakuambia kwamba mmea wenyewe haujadhurika. Haikuambii chochote kuhusu atakayeula.

Tuanze na shaba, kwa kuwa ndiyo inayotajwa na kila mtu hapa mjini. Mmea unaihitaji kidogo ili kupumua na kutengeneza chakula chake, na katika jani la kawaida lililokaushwa hupatikana miligramu 5 hadi 20 hivi kwa kila kilo. Ikizidi sana katika udongo, mizizi huumia kwanza: hufupika, hunenepa na kuacha kutoa vitawi vidogo, na kwa sababu shaba nyingi huzuia chuma kufika juu, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kwa hiyo shaba ina adabu yake, kwani mara nyingi huudumaza mmea kabla ya kurundikana kwenye majani kwa kiasi cha kumdhuru mlaji, na mkulima huiona hasara shambani kabla ya kupeleka mboga sokoni.

Kadmiamu haina adabu hiyo. Madini haya huandamana na zinki na shaba katika mawe ya Katanga, na moshi wa viwanda vya kuyeyushia uliyasambaza pamoja nayo. Mzizi huyachukua kana kwamba ni zinki, yakapanda na maji hadi kwenye majani, na mmea ukaendelea kustawi bila dalili yoyote. Lengalenga, kwa bahati mbaya, ni miongoni mwa mboga zinazoyakusanya kwa wepisi. Mtu akiyala kidogo kidogo kwa miaka mingi, hurundikana katika figo na hayatoki upesi. Kobalti nayo inaweza kupita kwenye majani bila mmea kulalamika. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mkojo wa wakazi wa Katanga, wakaonyesha kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti mwilini kwa viwango vya juu mno kuliko kawaida. Vumbi, maji na chakula vyote vinatajwa kuwa njia ya kuingilia.

Madini ya risasi yana tabia tofauti tena. Kutoka kwenye mzizi hayapandi sana. Mengi yanayopatikana kwenye mboga za majani ni vumbi lililoshika juu ya jani. Hapo kuosha kunasaidia kweli: tenga jani mojamoja badala ya kuchovya fungu zima likiwa limefungwa kamba, badilisha maji mara tatu hivi, na usitumie maji ya kijito kilekile kinachopita kando ya bustani. Ila kuosha hakuondoi kadmiamu iliyokwisha kuingia ndani ya jani, na moto wa jikoni hauunguzi madini.

Sasa ufanye nini? Kwanza, usimwamini jirani wala usiniamini mimi kabla udongo haujapimwa, kwa maana viwanja viwili vinavyofuatana vinaweza kutofautiana sana kulingana na mteremko, upepo na mahali ambapo mtu alimwaga kifusi cha mgodi. Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu ndipo pa kuulizia kwanza. Pili, udongo wenye asidi ndio unaoachilia madini. Chokaa ya kilimo pamoja na mboji au samadi iliyooza vizuri hupunguza asidi hiyo na kuyafunga, ingawa hayaondoki, na dawa hiyo inabidi irudiwe kila baada ya misimu kadhaa. Epuka mbolea ya salfati ya amonia, kwa sababu inaongeza asidi na kuharibu kazi uliyoifanya kwa chokaa. Tatu, ikiwa vipimo ni vibaya, badilisha unachopanda: punje ya mahindi, maharage na nyanya hubeba madini machache kuliko majani. Lengalenga uiweke katika magunia au matuta yaliyoinuliwa, yenye udongo uliotoka mbali na njia ya moshi. Watu wengi hapa huchukua udongo wa vichuguu vikubwa vya mchwa kwa ajili ya matofali. Huo nao hufaa bustanini, maana mchwa huupandisha kutoka chini na kwa kawaida una chokaa nyingi na asidi kidogo kuliko udongo unaokizunguka kichuguu. Lakini kichuguu kilichosimama palepale Penga Penga kimelala chini ya moshi uleule, kwa hiyo usikichukue hicho.

*Babu yangu wa Likasi husema kuna ua linalomwonyesha mtu mahali shaba ilipo. Ni kweli au ni hadithi ya wazee? (Mwanafunzi wa sekondari, Kampemba)*

Ni kweli, na babu yako anastahili heshima. Ua analolisema bila shaka ni lile ambalo wataalamu huliita *Haumaniastrum katangense*, mmea mdogo wa jamii moja na mrehani, wenye vichwa vya maua ya rangi ya zambarau, ambao huota na mvua na kuchanua kuelekea mwisho wake. Wazee waliokuwa wakifua shaba katika nchi hii, wale walioitwa wakula shaba, waliotengeneza misalaba iliyotumika kama fedha na mahari, waliacha kando ya tanuru zao makapi na udongo uliojaa shaba. Na katika madoa hayo, yaliyozungukwa na msitu wa kawaida, maua haya huota kwa wingi. Wachunguzi wa mambo ya kale waliyafuata wakavumbua mahali pa tanuru hizo, baadhi zikiwa za karne ya 14. Mbelgiji Paul Duvigneaud aliandika kwa kirefu juu ya mimea ya shaba ya Katanga katika miaka ya 1950, na François Malaisse, aliyefundisha hapa Lubumbashi kwa miaka mingi, aliiendeleza kazi hiyo.

Uangalie hata hivyo jambo moja. Ua hilo linaonyesha shaba iliyo katika udongo wa juu. Halisemi ilifikaje hapo. Huota vilevile kando ya barabara ambako malori humwaga mawe ya madini, na juu ya vifusi vya migodi. Mtu anayetafuta mgodi kwa kulifuata anaweza akajikuta amegundua barabara ya zamani.

Kwa nini mmea uishi mahali ambapo mingine inakufa? Vilima vya shaba vya Katanga, ambavyo ni zaidi ya 100, vimeorodheshwa kuwa na zaidi ya spishi 600 za mimea, na takriban 30 kati ya hizo hazijapatikana penginepo duniani. Mingi, hasa majani ya jamii ya nyasi, hujilinda kwa kuizuia shaba mlangoni: huifunga katika kuta za seli za mzizi isipande juu. Michache huiacha ipande, lakini huishika kwa asidi na vijenzi vya protini ili isizurure ndani ya seli, kisha huifungia katika kifuko cha ndani kiitwacho vakuoli, mbali na sehemu zinazofanya kazi nyeti. Kuhusu ua lako, majaribio yameonyesha kwamba linakua vizuri zaidi katika udongo wenye shaba kuliko katika udongo wa kawaida. Maelezo mojawapo ya watafiti ni kwamba shaba huua kuvu wa udongoni ambao vinginevyo wangeozesha mizizi yake. Likiwa hivyo, basi sumu ya wengine imekuwa dawa yake.

Kuna kisa cha kitaalamu kinachomhusu hata Mama wa Penga Penga. Katika miaka ya 1970 zilitangazwa namba za kushangaza: jamaa wa ua hili, *Haumaniastrum robertii*, alipimwa akakutwa na miligramu zaidi ya 10,000 za kobalti kwa kilo ya jani kavu, yaani zaidi ya sehemu 1 katika 100, na mimea mingine kadhaa ya Katanga ikaingizwa katika orodha ya vikusanyaji vikuu vya shaba. Baada ya mwaka 2000 watafiti waliporudi vilimani na kuyaosha majani kwa uangalifu mkubwa kabla ya kuyapima, waligundua kwamba sehemu nzuri ya madini yale ilikuwa vumbi lililong'ang'ania juu ya majani. Baadhi ya mimea ilibaki na sifa yake, mingine ikashushwa. Ndiyo maana nasisitiza kuosha.

Ukipenda somo hili, usichelewe. Vilima hivi ndivyo vinavyochimbwa, na mmea ukitoweka kwenye kilima chake cha pekee hauna mahali pengine pa kuutafuta. *Crepidorhopalon perennis*, mmea mdogo uliogunduliwa katika Mgodi wa Étoile, nje kidogo tu ya mji wetu, umo katika hatari hiyo. Upande wa Fungurume, mji mwingine wa migodi, wataalamu wamejaribu kuhamisha udongo wa juu pamoja na mimea yake kabla ya mashine kufika, jambo ambalo ni bora kuliko kutofanya lolote, ingawa mimi nalitazama kwa mashaka: kilima ni mteremko, maji, wadudu wa kuchavusha na miaka mingi mno, na hivyo vyote havipakiwi kwenye lori.

*Moshi wa lile bomba kubwa umepungua tangu zamani. Kwa nini upande wa kaskazini-magharibi miti haijarudi? (Dereva wa taksi, Katuba)*

Kiwanda chenye bomba hilo kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kwa kuwa upepo wetu mkuu hutoka kusini-mashariki, moshi uliangukia upande mmoja kwa miongo mingi. Ulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni gesi ya salfa dioksaidi, ambayo huingia katika jani kupitia vitundu vilevile linavyopumulia, ikageuka asidi ndani yake na kuacha mabaka meupe katikati ya mishipa; kisha mvua huiteremsha kama asidi hadi ardhini. Uharibifu huo ungekoma moshi ulipokoma. La pili ni vumbi la madini, na hilo halikwenda popote. Limekaa katika sentimita 20 au 30 za juu za udongo, yaani palepale ambapo kila mbegu ya mti haina budi kupitisha mzizi wake wa kwanza.

Vijidudu navyo vinahusika, ingawa havionekani. Katika msitu wa kawaida, majani yanayoanguka huozeshwa na kuvu na bakteria, yakarudi kuwa chakula cha miti. Madini yakizidi, waozeshaji hao hupungua au hubaki wachache wanaovumilia lakini wanaofanya kazi polepole, na majani makavu hurundikana bila kuoza. Hali hiyo imeonekana kuzunguka viwanda vya shaba katika nchi nyingi. Zaidi ya hayo, miti mikuu ya miombo huishi kwa ushirika na kuvu wanaoifunika mizizi yao na kuisaidia kupata fosforasi. Mche unaoota mahali ambapo wenza hao wameuawa huanza maisha ukiwa yatima. Ongeza wakata makala na mvua zinazokwangua udongo usiofunikwa, na utaelewa kwa nini pamebaki vile.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kupandikiza pale nyasi ndogo iitwayo *Microchloa kunthii*, kwa kutumia chokaa na mboji, na imeshika. Lengo lao ni kufunika ardhi ili vumbi lisipeperuke kuingia nyumbani na mvua isiliteremshe mtoni. Kuyatoa madini ardhini ni jambo jingine, na majani ya nyasi hii hayafanyi hivyo. Tena ni afadhali yasifanye, maana mbuzi wa mtaani wanayala.

*Nina garaji. Kwa miaka mingi tumemwaga mafuta ya injini yaliyotumika nyuma ya lupango (kiwanja chetu), na ardhi imekuwa nyeusi. Nimesikia kwamba kuna bakteria wanaokula mafuta. Je, wanakula pia shaba na risasi? (Fundi wa magari)*

Swali zuri kuliko mengi ninayopokea, kwa kuwa linagusa tofauti ambayo hata viongozi wetu huichanganya. Mafuta ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni. Bakteria wa jamii za *Pseudomonas* na *Rhodococcus*, ambao wamo katika udongo wa karibu kila mahali, huweza kuukata mnyororo huo kwa msaada wa oksijeni na kuufanya chakula, na mwisho wake ni maji na hewa ya ukaa. Kwa hiyo mafuta yanaweza kwisha. Shaba na risasi ni elementi: hakuna kiumbe anayeweza kuzivunja ziwe kitu kingine. Bakteria anaweza kuzibadilisha umbo, kuzifungia au kuziyeyusha, lakini kiasi cha madini hayo ardhini ni kilekile.

Wapo bakteria wanaoishi nazo kwa ustadi wa ajabu. *Cupriavidus metallidurans*, aliyepatikana Ubelgiji katika miaka ya 1970 ndani ya tangi la kiwanda cha zinki, ana pampu katika ngozi ya seli yake ambazo hutema nje zinki, kadmiamu na kobalti kila zinapoingia. Mwingine, *Acidithiobacillus ferrooxidans*, huishi katika maji ya migodi yenye asidi kali, yale yenye rangi ya chungwa, na hujipatia nguvu kwa kuunguza chuma na salfa kutoka kwenye mawe; kazi yake huyeyusha shaba, na migodi kadhaa duniani humtumia makusudi kuitoa katika mawe hafifu. Utaona kwamba huyu wa pili, akiachwa huru kwenye lundo la makapi, hasafishi bali huyapeleka madini mtoni.

Kuhusu ardhi yako: mafuta ya injini yaliyotumika yana mafuta yenyewe, lakini pia zinki ya viungo vya kiwandani na shaba na risasi zilizosagika kutoka kwenye beringi. Acha kumwaga kuanzia leo. Kusanya katika pipa. Udongo mweusi uuchimbe, uutandaze juu ya plastiki nene mahali penye paa, uuchanganye na samadi kavu kwa ajili ya naitrojeni, uuloweshe kidogo na kuugeuza mara kwa mara, kwani bakteria hawa bila hewa hulala. Katika joto letu harufu itapungua ndani ya miezi, sehemu nyepesi ikitangulia na ile nzito inayofanana na lami ikibaki. Usipande mboga hapo hata kama majani ya porini yamerudi. Na ikiwa kuna kisima katika lupango, maji yake yasinywewe mpaka yapimwe.

*Tulifundishwa shuleni kwamba mbu wa malaria hutaga katika maji safi tu. Mbona mifereji yetu michafu imejaa viluwiluwi? (Mzazi, komuni ya Kenya, Lubumbashi)*

Wengi wa mifereji michafu ni kyuleksi, aina nyingine ya mbu, ambao hupenda maji yenye uchafu. Lakini somo la shuleni limezeeka: katika miji ya Afrika, Yaoundé na Douala zikiwemo, anofelesi, yaani mbu wa malaria, wameonekana wakikua katika maji yaliyochafuliwa, na wale wanaovumilia uchafu mara nyingine huvumilia pia dawa za kuulia wadudu, kwa kuwa vimeng'enya vya mwili vinavyoondoa sumu moja husaidia dhidi ya nyingine. Kiluwiluwi kinacholala sambamba na uso wa maji, bila kuning'iniza kichwa chini, ndicho cha anofelesi. Lala ndani ya chandarua bila kujali rangi ya mfereji.

*Ninauza viwavi na uyoga sokoni. Wateja wameanza kuuliza vinatoka wapi, wakiogopa migodi. Niwajibu nini? (Mama muuzaji)*

Wajibu ukweli, na ili uwe nao, mwulize anayekuletea kabla ya kununua. Bidhaa hizi mbili hazilingani. Kiwavi anapokula jani lenye madini, seli za utumbo wake huyakamata na kuyafungia katika chembechembe ndogo kwa kutumia protini maalumu, na mengine huyatoa pamoja na kinyesi. Kwa hiyo mengi ya yaliyomo hubaki tumboni, na desturi ya akina mama ya kumkamua kiwavi matumbo kabla ya kumchemsha na kumkausha, ambayo wengine huiacha kwa haraka ya biashara, ina faida kuliko tunavyodhani. Endeleeni nayo. Vumbi la barabarani linaloangukia viwavi wakati wa kuanikwa ni jambo la pili: waanikwe juu ya mkeka ulioinuliwa, mbali na njia ya malori.

Uyoga hauna utumbo wa kukamuliwa. Nyuzi zake hutambaa katika udongo wa juu, palepale madini yalipokaa, na aina nyingi hukusanya kadmiamu na madini mengine kwa wingi unaozidi ule wa udongo wenyewe. Tena kuosha hakusaidii. Uyoga wa msitu ulio mbali na viwanda kwa kawaida una hatari ndogo zaidi. Uliochumwa kando ya kiwanda, kwenye kifusi au katika njia ya moshi wa zamani usiununue, hata ukiuziwa kwa nusu ya bei.